Vita vya Mtia-Alama na Sentensi Moja ya Kiingereza

Sogeeni, enyi mliofua na enyi msiopata kufua hata leso zenu wenyewe. Tulieni, enyi mlalao juu ya mashuka meupe bila kuuliza weupe huo umetoka wapi. Zimeni redio. Nataka kuwasimulia tendo lililotendeka Ijumaa moja, saa sita na robo mchana, katika chumba cha kufulia nguo za hospitali, baina ya mashine ya kukamulia na meza ya kukunjia, tendo ambalo mabingwa wa zamani wenye panga na ngao wasingethubutu kulitenda, kwa sababu wao walipigana na watu tu, na huyu wetu alipigana na Kiingereza. Mimi niliyeshuhudia ni mkunja mashuka. Nimekunja kwa miaka kumi na sita, na mtu akikunja kwa muda huo mikono hujiendea yenyewe, macho yakabaki hayana kazi ila kuwatazama wenzake, kwa hiyo hakuna lililonipita.

Ewe mvuke wa saa mbili asubuhi, utokaye katika pasi kubwa na kutulowanisha kope, nipe pumzi ndefu niyamalize haya bila kukohoa. Nawe sabuni ya unga, uliyenichubua vidole, nihurumie ulimi.

Shujaa wetu tulimwita Mtia-Alama, mwenye mkono usiotetemeka, bwana wa wino usiofutika. Kila shuka, kila foronya, kila blanketi la hospitali ile lilipita mbele yake, naye akaliandika herufi na namba ya wodi yake, W3, W7, W11, kwa kalamu nyeusi ambayo kiwanda kiliapa kwamba haifutiki, ingawa nguo ikishachemshwa mara mia wino hufifia na kumrudia yeye aandike upya. Na sheria ya alama ilikuwa moja, kali kuliko sheria zote za utumishi. Alama huandikwa upande wa ndani, kwenye pindo, kona ya chini kushoto, vidole vitatu kutoka ukingoni, tena ndogo, ili mgonjwa asiione na dobi asiikose. Kwa miaka kumi na miwili Mtia-Alama hakupata kuvunja sheria hiyo hata kwa upana wa kucha.

Na juu yetu sote alikuwapo Mama Pindo, mkuu wa zamu, mama wa miaka thelathini na mmoja kazini, aliyeijua mashine kwa mlio wake na mtu kwa hatua zake. Kisomo chake hakikuwa kirefu. Namba alizisoma zote, na herufi za kutosha kuijua wodi. Jina lake lilitokana na tabia yake. Umpe shuka lililokunjwa na nani sijui, hata na mimi mwenyewe kwa ustadi wangu wote, yeye mkunjo hautazami. Hulishika kona ya chini kushoto, hulipindua, husoma alama, ndipo akakuitikia salamu. Niliumia moyo kwa jambo hilo miaka mingi, lakini nimemsamehe.

Ikawa Jumatatu ya wiki ile, Msimamizi wetu mpya, mwenye miezi mitano kazini na vitambulisho viwili shingoni, alishuka ngazi akiwa ameshika bahasha kubwa.

"Jamani, Mama anastaafu Ijumaa," akasema. "Anahamia kwa binti yake, ng'ambo. Wajukuu zake kule Kiswahili hawakijui, wanajua Kiingereza tu. Kwa hiyo kadi ni ya Kiingereza na ujumbe tuandike kwa Kiingereza, ili wale watoto wamsomee bibi yao. Sawa?"

"Sawa," tukaitikia kwa pamoja, maana hilo ndilo jibu letu kwa kila jambo ambalo bado hatujalielewa.

Kadi ilikuwa pana kama sinia, ina maua mbele, na ndani ni nyeupe tupu. Ikashuka hofu juu ya jeshi la wafuaji. Hatimaye Mzee wa Mashine akaitwaa kalamu, akaandika "Best wishes", maneno aliyoyajua kutoka kwenye mkebe wa biskuti, nayo ni kumtakia mtu kila la heri. Wa pili akachungulia, akaandika hivyo hivyo. Wa tatu akachungulia kwa wa pili. Nami, mwandishi wenu mtukufu wa habari hizi, niliandika "Best wishes" ya saba, na sioni haya, kwa sababu mwandiko wangu uliushinda wa sita kwa mbali.

Hata kadi ilipomfikia Mtia-Alama, yeye alifunika kalamu yake, akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanena.

"Enyi ndugu zangu wa maji na mvuke! Mimi niandike maneno yale yale aliyoandika hata fundi wa lifti, ambaye Mama alishamnyima taulo? Wajukuu waifungue kadi hii wakute kila la heri ishirini, wadhani bibi yao alikuwa anafanya kazi kiwanda cha kila la heri? Hasha! Mimi nitaandika neno la shida!"

"Neno la nini?" akauliza Mzee wa Mashine.

"La shida! Wajue alinifanyia nini wakati wa shida!"

"Basi shuka kwenye ndoo, naihitaji."

Akashuka. Lakini mimi nilijua anachokisema, na ninyi ni haki yenu kukijua. Miaka tisa kabla ya siku hiyo, mke wa Mtia-Alama alilazwa katika wodi ya tano, ghorofa ya juu yetu, kwa ugonjwa wa mgongo, akalala miezi minane. Hakuwa na wa kumgeuza ubavu wala kumlisha asubuhi isipokuwa mumewe, na mumewe zamu yake ilianza asubuhi. Ndipo Mama Pindo akawa anakuja saa moja kabla ya zamu yake mwenyewe, kila siku ya Mungu, anakaa kwenye kiti cha Mtia-Alama na kutia alama kwa niaba yake, na mwenzake anapanda ngazi mbili mbili na bakuli la uji. Hakumwambia mtu wa ofisini. Na mwandiko, Mungu amsamehe, hakuwa nao. Tano zake zote zilitazama nyuma, tumbo huku na kichwa kule. Bosi wa wakati huo alipouliza mbona alama zimelewa, akajibu kwamba Mtia-Alama ameteguka kifundo cha mkono. Mpaka leo lipo blanketi moja kuukuu stoo lenye tano inayotazama nyuma, na mimi ndiye ninayelificha lisitupwe.

Kwa miaka tisa Mtia-Alama hakuwa amemshukuru. Si kwa kukosa adabu. Kila alipomwendea, akasafisha koo na kuanza, "Mama, kuna jambo...", yeye alimkata hapo hapo, "Lete foronya," naye akaenda kuleta foronya. Sasa ilibaki Ijumaa moja tu, na baada ya Ijumaa hiyo hapangekuwa na Mama wala foronya. Lilimkaa kooni, maskini, na mtu yeyote aliyemwona wiki ile akitia alama huku midomo inacheza angemhurumia kama nilivyomhurumia mimi.

Jumanne, saa ya chakula, akafunga safari ya hatua arobaini na mbili hadi kwa Karani wa Stoo, mzee wa miwani miwili, mlinzi wa glavu na sabuni, ambaye vitabu vyake vyote ni vya Kiingereza na kwa sababu hiyo hakuna aliyepata kumbishia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sabuni imeisha?"

"Sikuja kwa ajili ya sabuni. Nimekuja kutafuta neno! Neno la Kiingereza linalomhusu mtu ambaye shida ilipokuja hakukimbia!"

Karani akavua miwani ya kusomea, akavaa ya kufikiria. "Lipo," akasema. "Through thick and thin."

"Maana yake?"

"Usilivunjevunje, utalikosa. Lichukue zimazima. Mambo yawe mabaya, yawe mazuri, mtu yupo, hajakuacha."

"Hilo hilo!" akapaza sauti shujaa wetu, na boksi la glavu likaanguka.

Basi Karani, kwa kuwa amesaini kadi nyingi za wastaafu na anajua desturi yake, akageuza fomu ya kuombea sabuni, akaandika mgongoni: We stood by you through thick and thin. "Yaani sisi tulisimama nawe katika shida na raha," akafafanua. "Kadi za kuagana huandikwa hivyo." Mtia-Alama akainakili mkononi, akaiacha fomu mezani, na kuiacha kwake ile fomu kulikuja kumponza, kama mtakavyoona. Mchana kutwa akafanya mazoezi ya silaha yake mpya juu ya mashuka chakavu yaliyokwisha kuhukumiwa kuwa matambara ya kudekia. Kuna wahudumu wa usafi ambao hadi leo wanadeki sakafu kwa sentensi hiyo.

Jioni alifika nyumbani ametuna kifua. Mkewe, aliyeinuka kitandani baada ya miezi minane na hajakaa kimya tangu hapo, alikuwa anashona kifungo cha shati. Yaliyosemwa nimesimuliwa na wote wawili, na kwa mara moja katika ndoa ile maelezo yao yalifanana.

"Isikilize, mke wangu, sentensi itakayotikisa ofisi!" akasema, akaisoma kwa Kiingereza, kisha akaipindua kwa Kiswahili.

"Rudia. Nani alisimama na nani?"

"Sisi na yeye."

"Katika shida gani aliyoipata yeye, wewe ukasimama naye?"

Mtia-Alama akafikiri. "Alipoteza miwani, nikamtafutia."

"Baba watoto."

"Naam."

"Miwani ilikuwa kichwani kwake. Ulinisimulia mwenyewe."

 Mkewe akakata uzi kwa meno, akaliweka shati kando.

"Mimi nililala kule juu miezi minane, sikuwa na kazi nyingine ila kuhesabu. Ulikuwa unaingia saa moja kasoro kila asubuhi, unanuka sabuni, unanigeuza. Nani alikuwa amekaa kwenye kiti chako saa hizo?"

"Mama."

"Basi iandike hivyo. Yeye ndiye aliyesimama. Wewe ulikuwa umekaa kwenye ngazi unalia, ukidhani sikusikii."

Enyi wasikilizaji, nimewahi kusikia habari za majemadari waliopigwa kikumbo na jeshi zima wakarudi nyuma hatua moja. Mtia-Alama alipigwa na mwanamke mwenye sindano, akarudi nyuma mpaka mwanzo. Usiku alilala mapema, na Jumatano kulipokucha alikuwa mlangoni kwa Karani kabla stoo haijafunguliwa.

"Igeuze, mzee. Yeye mbele, mimi nyuma."

"Inageuka," Karani akasema taratibu. "Lakini elewa unachoandika. Hapo unakiri kwamba wewe ndiye uliyekuwa na shida. Kwenye kadi itakayosomwa mbele ya ofisi nzima."

"Nakiri."

Karani akaandika upya: You stood by me through thick and thin. Akaitazama muda mrefu kwa miwani yote miwili. "Hii, mwanangu, ni sahihi," akasema. "Ile ya jana ilikuwa na maneno yote, ila haikuwa na mtu ndani yake."

Lakini adui halali. Jumatano hiyo hiyo Msimamizi alikwenda stoo kuchukua glavu, akaiona ile fomu ya jana imekaa pale mezani haina mwenyewe, akaisoma, ikampendeza. Ijumaa saa sita mchana kadi iliporudi kutoka kantini na maabara na chumba cha walinzi, tulikuta katikati yake, kutoka ukurasa hadi ukurasa, kwa herufi zinazoonekana kutoka barabarani, We stood by you through thick and thin, pamoja na sahihi ya Msimamizi na mhuri wa idara. Pembeni zikabanana kila la heri thelathini na nne. Hapakubaki nafasi ya kutua nzi.

Mtia-Alama aliitazama kadi kama mtu aliyefika kwenye kiti chake akamkuta mgeni.

"Ameiandika," akaniambia kwa sauti ndogo. "Na yeye hakuwepo."

"Andika chini yake," nikamwambia.

"Chini yake wapi?"

Zilibaki dakika kumi na tano. Asubuhi yote alikuwa akitia alama mashuka mapya mia mbili ya wodi ya tano, na vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha. Akaitwaa kalamu ya ofisi. Karatasi ile ilikuwa inang'aa, kalamu ikateleza, ikakataa. Akaitwaa yake mwenyewe, mkuki wake mweusi, akaung'oa kifuniko kwa meno. Mashine ya kukamulia ikanguruma kama jeshi linalongoja amri. Jasho likamtoka. Kisha, bila yeye kuamua, maana najua sura yake anapoamua na haikuwa hiyo, mkono ukafanya kilekile ulichofanya kwa miaka kumi na miwili: ukaigeuza kadi, ukaulaza mgongo wake juu, ukashuka kona ya chini kushoto, ukapima vidole vitatu kutoka ukingoni, ukaandika, kwa herufi ndogo zilizonyooka, W5.

"Mungu wangu," akasema.

Nikatazama. W5, nyeusi, haifutiki. Kadi ya kumuaga mama wa watu imeandikishwa wodi ya tano pamoja na mashuka.

"Nimeiharibu."

"Hujaiharibu. Endelea mbele yake."

"Wataniona mjinga."

"Wamekuona juu ya ndoo," nikamwambia. "Andika."

Naye akaandika. Neno la kwanza alilishambulia kwa mbele, la pili alilizunguka, la tatu lilijisalimisha lenyewe, na alipofika kwenye lile neno refu lenye herufi za ziada ambazo Waingereza huziweka bila kuzitamka, alishika pumzi, nami nikashika yangu. Hakukosea hata moja. Akaweka nukta, akaipuliza, akaifunika kalamu. Ndipo mlango ukafunguliwa, sherehe ikaingia na soda zake.

Msimamizi alihutubia. Akaisoma sentensi yake kwa sauti, akaifasiri, akapigiwa makofi. Mama Pindo, amevaa gauni ambalo hatujapata kuliona, alimsikiliza hadi mwisho.

"Asante sana, baba," akasema. "Ni shida zipi hizo tulizopita pamoja?"

"Ee... lile bomba, Mama. Lililopasuka mwezi wa pili."

"Siku ya bomba si ulikuwa likizo?"

Chumba kikacheka, na Msimamizi, nimpe haki yake, alicheka pia, ingawa wa mwisho. Akamkabidhi kadi kwa mikono miwili.

Sasa sikieni. Mama Pindo hakutazama maua. Hakuifungua. Aliipokea kama alivyopokea kila shuka kwa miaka thelathini na mmoja: akaishika kona ya chini kushoto, akaipindua, akasoma alama.

 Tukamwona midomo yake ikisema, bila sauti, wodi ya tano. Mzee wa Mashine, ambaye hazimi mashine hata kwa mkurugenzi, alinyoosha mkono akaizima.

"Karani," Mama akaita. "Hapa mbele ya tano pameandikwa nini?"

Karani akaja, akasoma kwa Kiingereza, polepole, kisha akasema, "Anasema wewe ulisimama naye, Mama. Katika shida na raha, hukumwacha."

Mama hakuuliza ni nani. Aliinua macho moja kwa moja hadi kwenye kona aliyosimama Mtia-Alama mwenye vidole vyeusi.

"Tano yako imenyooka," akamwambia. "Zangu zote zilikuwa zinatazama nyuma."

Shujaa wetu alikuwa ameandaa hotuba tangu Jumatatu. Nilimsikia akiifanyia mazoezi kwa mashuka, ilikuwa na ngurumo za simba na radi mahali kadhaa. Alifungua kinywa, na kilichotoka ni hiki: "Asante, Mama."

Tukasubiri. Wote tuliomjua tulijua kinachofuata, na kuna mtu alikwishageukia rafu ya foronya kabisa. Lakini Mama alijifuta uso kwa kiganja, akavuta kiti, akakaa.

"Wale watoto wakisoma wataniuliza huyu nani," akasema. "Njoo hapa, uniambie mkeo anaendeleaje, nisije nikawadanganya."

Akaenda, akakaa karibu naye, wakazungumza mpaka soda zikapata joto.

Basi na ijulikane kwa wote walio ndani ya hospitali na wanaopita nje ya ukuta wake, kwamba Ijumaa hiyo, saa sita na robo, mtu mmoja wa chumba cha kufulia aliandika maneno matano na matatu ya Kiingereza, yote mahali pake, na yote ya kweli. Karani amethibitisha. Mke wa Mtia-Alama amethibitisha. Nami nimeitia habari hii katika kumbukumbu za idara, nyuma ya daftari la mashuka, na atakayetaka kuisoma aitafute kona ya chini kushoto, vidole vitatu kutoka ukingoni.